MAJI YA MFEREJI KATIKA MJI WA MARERENI



Msafiri atokaye Malindi kwenda Garsen huvuka daraja la Mto Sabaki, akaiacha Mambrui upande wa bahari, akapita Gongoni, na kisha huingia katika nchi ya chumvi. Hapo maji ya bahari huingizwa katika mabwawa mapana yasiyo na kina, jua likayakausha, na watu wakaikwangua chumvi na kuirundika kama vichuguu vyeupe. Mji wa Marereni umo katika kazi hiyo. Kwa macho, maji hayakosekani hapo hata kidogo. Lakini mama aamkaye alfajiri na mitungi yake ya plastiki hatafuti maji ya kutazama. Atafuta maji ambayo mtoto wake aweza kuyanywa asiugue.

Mazungumzo haya ni juu ya maji hayo, na juu ya swali ambalo watu wa miji midogo huulizana mferejini: Je, maji haya ni salama? Kwa kawaida swali hilo hujibiwa kwa ulimi. Mtu huonja, na akiona chumvi au harufu ya dawa hukunja uso na kusema kwamba maji ni mabaya. Akiona yana utamu hunywa na kushukuru. Ulimi ni shahidi wa kweli katika habari ya chumvi. Katika habari ya magonjwa hauna ushahidi wowote.

Kwanza chumvi, kwa kuwa ndiyo ilalamikiwayo zaidi. Chini ya ardhi ya pwani maji matamu ya mvua huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya mchangani, kama samli ieleavyo juu ya mchuzi. Wataalamu wana kipimo chao: kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, ziko kama mita 40 nyingine chini ya usawa huo. Hesabu hiyo yafurahisha mpaka igeuzwe, maana maji ya juu yakishuka mita 1 tu, chumvi ya chini huweza kupanda mita 40. Basi kisima kivutwacho kupita kiasi karibu na bahari huharibika upesi, na kupona kwake ni kwa miaka. Mwaka 2006 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilitoa taarifa ya uchunguzi wake juu ya kazi ya chumvi katika Magarini, na miongoni mwa malalamiko ya wenyeji lilikuwamo hili la visima vya maji matamu kuingia chumvi.

Watu wengine huchemsha maji hayo wakidhani chumvi itakwisha. Haiishi, maji ndiyo yapunguayo sufuriani, na chumvi hubaki yote, hata ladha ikazidi ukali. Wala dawa ya kusafisha maji haiondoi chumvi. Hata hivyo maji ya chumvi yana heshima moja, nayo ni kwamba hujitangaza yenyewe. Kijidudu cha kipindupindu au cha homa ya matumbo hakina ladha, hakina rangi, wala hakina harufu.

Jambo hili lilidhihirika huko London mwaka 1854. Katika mtaa wa Broad Street palikuwa na pampu ya kisima, na maji yake yalisifiwa kwa utamu. Kipindupindu kikaingia mtaa ule, na katika siku chache mamia ya watu wakafa. Daktari mmoja, jina lake John Snow, alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza waliokufa walikunywa maji ya wapi, na karibu kila mahali jibu lilikuwa lile lile. Lakini palikuwa na mjane mmoja aliyekufa mbali sana, katika Hampstead, ambako ugonjwa haukuwako. Snow alipouliza, aliambiwa ya kuwa mama huyo zamani aliishi Broad Street, akayapenda mno maji ya pampu ile, hata kila siku akaletewa chupa yake. Binamu yake, au tuseme binti wa ndugu yake, alikuja kumzuru, akanywa, akarudi kwake Islington, akafa vile vile. Mpini wa pampu uliondolewa tarehe 8 Septemba. Mjane yule hakunywa maji machafu kwa umaskini wala kwa uvivu. Alinywa maji aliyoyapenda kwa ladha.

Pwani ya Afrika ya Mashariki nayo ilijifunza kwa uchungu. Kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 kiliua maelfu ya watu katika Unguja, na Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hata 1888, aliwaletea watu wa mji maji ya chemchemi kwa bomba kutoka nje. Wala ugonjwa huu si hadithi ya mababu. Mwezi wa Oktoba 2022 ulizuka tena katika Kenya, ukaenea katika kaunti nyingi, ukaendelea mwaka uliofuata.

Sasa na tuyafuate maji ya bomba tangu yanakotoka. Maji yagawanywayo katika Malindi na Magarini hutoka Baricho, juu ya mto, mbali na bahari. Mto wenyewe una majina matatu: huko bara huitwa Athi, katikati huitwa Galana, na karibu na pwani huitwa Sabaki. Mmoja wa mito iingiayo humo ni Mto Nairobi, upitao katikati ya mji mkuu na kuchukua taka zake. Hilo lisimtie mtu hofu kupita kiasi, kwa maana safari ni ndefu, na maji ya Baricho huvutwa kwa visima vilivyochimbwa katika mchanga wa bonde la mto. Mchanga huo ni chujio kubwa la asili. Wakati wa mvua mto huwa mwekundu kama chai ya maziwa, na maji ya visimani yakatoka meupe.

Lakini weupe si usalama, na kwa sababu hiyo maji hutiwa klorini. Husemwa maneno mengi juu ya dawa hii, na mengi ya hayo husemwa na watu wasiojua inatoka wapi. Inatoka katika chumvi. Umeme hupitishwa katika maji ya chumvi, nayo chumvi hugawanyika, na klorini ikatoka. Kwa hiyo kile ambacho mtu wa Marereni hukinusa mferejini ni ndugu wa kile akitiacho mchuzini. Mji wa Lincoln, katika Uingereza, ulianza kutia klorini katika maji yake mwaka 1905, baada ya homa ya matumbo kuwashambulia watu wake. Mwaka 1908 ukafuata mji wa Jersey City katika Marekani. Na leo miji mingi ya dunia hufanya hivyo.

Kipimo chake ni kidogo mno. Shirika la Afya Duniani lataka ibaki angalau miligramu 0.2 katika kila lita moja ya maji pale yanapochotwa. Hiyo ni kama gramu 1 ya dawa katika mitungi 250 ya lita 20. Neno kubwa hapo ni "ibaki". Dawa hutiwa mwanzoni mwa safari, na njiani hutumika katika kupigana na uchafu, hata ikapungua. Katika nyumba zilizo karibu na chanzo harufu huwa kali na watu hulalamika. Katika mji ulio mwishoni mwa bomba huenda isisikike kabisa, na watu hufurahi. Furaha hiyo haifai. Mlinzi ameondoka mlangoni, na wenye nyumba washukuru kwa kuwa hawamsikii akikohoa.

Liko jambo jingine lililo baya kuliko hilo, nalo ni bomba tupu. Bomba lililojaa maji yenye nguvu hujilinda lenyewe: likiwa na ufa, maji hutoka nje, na uchafu hauwezi kuingia. Lakini maji yakikatika, nguvu ile hugeuka. Bomba huvuta kama mtu anyonyaye dafu kwa mrija, na chochote kilicho kando ya ufa, kama maji ya dimbwi au ya choo kilicho karibu, huingia ndani na kungoja. Siku maji yarudipo, yale ya kwanza hukusanya yote yaliyolala humo na kuyaleta mferejini. Na maji hukatika kwa sababu nyingi: bomba kupasuka, mafuriko, mtambo kuharibika. Katika miaka ya karibuni umeme wa mitambo ya Baricho umepata hata kukatwa kwa sababu ya madeni. Madeni hayo hubishaniwa na wakubwa katika maofisi. Mtoto aendeshaye tumbo katika kijiji cha mbali hajui kitu juu ya hati za umeme.

Basi maji ya kwanza baada ya ukame wa mferejini yasinywewe. Ni rahisi kumwambia mtu amwage maji, hasa kwa msemaji ambaye hakupanga foleni wala hakulipia mtungi. Kwa hiyo yasimwagwe. Yatumike kwa kufulia, kusugua sakafu, au kunyweshea miche, na mtungi wa kunywa uchotwe baadaye, maji yakiwa meupe na yametulia. Mwenye kioski naye ana wajibu hapa, kwa kuwa mteja wa kwanza alfajiri ndiye auziwaye uchafu huo kwa bei ile ile ya mteja wa saa nne.

Hata maji yakifika salama, bado hayajafika mdomoni. Katika wilaya ya Busia, magharibi ya Kenya, wataalamu waliosoma habari ya chemchemi waliona jambo la ajabu. Chemchemi zilizojengewa vizuri kwa saruji zilipunguza uchafu wa kinyesi kwa asilimia 66 pale penye maji. Lakini walipopima maji yale yale nyumbani, faida ilikuwa imepungua sana, kwa sababu maji yaliharibika tena katika vyombo na mikononi. Hata hivyo kuhara kwa watoto kulipungua kwa robo. Huko huko Busia, baadaye, viliwekwa visanduku vya klorini kando ya visima, ili mtu ageuze kifundo na kutia dawa ndani ya mtungi wake kabla hajauinua kichwani. Hilo ni jambo la busara, kwa maana dawa husafiri pamoja na maji na kuyalinda hata nyumbani.

Mtungi wa plastiki wenye shingo nyembamba ni chombo kizuri kuliko pipa lililo wazi, kwa kuwa mkono hauingii wala kikombe hakichovywi. Ubaya wake ni kwamba hausugukiki vizuri, nao hufanya utelezi ndani. Na utiwe sabuni na maji kidogo, utikiswe kwa nguvu, usuuzwe, kila juma. Mtungi uliopata kuwa na dawa ya wadudu au mafuta ya taa usitumiwe kwa maji ya kunywa hata ukioshwa mara kumi. Nyumbani, mtu akiona hana hakika, na achemshe maji mpaka yatokote kwelikweli, au atie dawa ya klorini iuzwayo madukani, kama WaterGuard, kwa kipimo kilichoandikwa chupani, kisha angoje nusu saa. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, maana dawa hushindwa na tope. Na asiye na kuni wala senti ya dawa aweza kujaza chupa nyeupe za plastiki, zisizozidi lita 2, akazilaza juani saa 6, au siku 2 kukiwa na mawingu. Jua likaushalo bahari ya Marereni lina nguvu ya kuua vijidudu vilivyomo chupani.

Lakini si haki kumbebesha mama mzigo wote. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Haki hiyo haiwezi kujulikana kama imetimizwa kwa kupima maji ya Baricho peke yake. Maji hupimwa mwanzo wa bomba na mwisho wake. Kupima klorini hakuhitaji maabara: afisa wa afya, ambaye wazee wengine bado humwita Bwana Afya, huchota maji kidogo katika kichupa, akatia kidonge, na maji yakageuka rangi ya waridi. Rangi ikiwa nzito, dawa ipo. Maji yakibaki meupe, haipo. Kazi hiyo huchukua dakika chache.

Linalofaa kuombwa katika baraza, basi, ni kwamba kipimo hicho kichukuliwe katika mfereji wa mwisho wa mji wa Marereni, tena hasa siku maji yarudipo baada ya kukatika, na tarakimu iandikwe kwa chaki katika ubao ulio kiosini, pamoja na tarehe, watu wote waione. Ubao ukisema 0.2 au zaidi, mtungi na uende nyumbani ukafunikwe. Ubao ukisema sifuri, kila achotaye atajua kwamba maji ya leo yatiwe dawa kabla ya kunywewa, na ofisi ya maji itajua kwamba wanunuzi wameisoma tarakimu ile ile.