Volti 48 Nazo Huunguza



Mitambo mingi ya minara ya simu hutumia umeme wa betri wa volti 48. Volti hizo ni chache, lakini spana ikigusa ncha zote mbili hutoa cheche kali za kuunguza mikono. Tena, katika gari upande hasi ndio huungwa na bodi. Katika mitambo hii, kwa kawaida chanya ndiyo huungwa na ardhi. Afuataye mazoea ya gari aweza kuunguza mtambo.

Fundi aliyefunzwa huvua pete na saa, huzima swichi, hupima kwa mita, na huunga waya wa ardhi kwanza. Mnara ukizimika, mjamzito hukosa kupiga 115 kuomba usafiri wa dharura.

Aonaye nyaya wazi asiziguse. Amjulishe mtendaji wa kata.