Kasuku Nyuma ya Wavu



Mkimpiga picha kasuku wa rangi katika bustani ya wanyama, sogezeni lenzi karibu kabisa na wavu, fungueni tundu lake kwa upana, na mngojeeni ndege akae mbali kidogo. Wavu utatoweka pichani. Ataonekana yu huru.

Lakini kasuku wa buluu wa Brazil, aitwaye wa Spix, wa mwisho aliyejulikana porini alitoweka mwaka 2000. Walibaki wa vizimbani tu, hadi uzao wao ulipoanza kurudishwa porini mwaka 2022. Picha ya miaka ile isiyoonyesha wavu ingetudanganya kwamba wangalipo porini, nasi tungelala usingizi.

Basi andikeni chini yake: “Yumo kizimbani.” Hata taarifa ya ofisini ipendeze, ila isifiche wavu.