Po-boy: Mkate wa Wagomaji wa New Orleans

Po-boy ni sandwichi ya mji wa New Orleans, katika jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani. Ni mkate mrefu unaopasuliwa ubavuni na kujazwa kamba wa kukaanga, chaza, samaki aina ya kambare, au nyama ya ng'ombe iliyolowa mchuzi wake. Vyakula hivyo vinaliwa kote katika pwani ya Ghuba ya Meksiko. Kinachoipa po-boy heshima ya pekee ni asili yake: kama inavyosimuliwa mjini, ilipata jina mwaka 1929, katikati ya mgomo wa wafanyakazi wa tramu, ikiwa chakula cha bure kwa watu waliokosa mishahara.

Msikilizaji anayetaka kuielewa sandwichi hii hana budi kuanza na mkate. New Orleans ilianzishwa na Wafaransa mwaka 1718, kando ya mto Mississippi. Ikapita mikononi mwa Wahispania, ikarudi kwa Wafaransa, na mwaka 1803 Ufaransa ikaiuza kwa Marekani pamoja na eneo zima la Louisiana. Watawala walibadilika, lakini mapenzi ya mkate wa Kifaransa yalibaki. Walioshika matanuri katika karne ya 19, hata hivyo, wengi wao walikuwa wahamiaji wa Kijerumani. George Leidenheimer, mzaliwa wa Deidesheim, alianza kuoka mjini mwaka 1896, na kampuni yenye jina lake ingali inasambaza mikate kwenye migahawa ya New Orleans. Mkate wa huko si ule wa Paris. Ganda lake ni jembamba na hupasuka kwa sauti, na ndani ni mwepesi mno, karibu hewa tupu. Mkate wenye ganda gumu ukiumwa, vilivyomo husukumwa nje. Huu wa New Orleans hukubali meno mara moja, hufyonza mchuzi, na bado hushikamana.

Hata kabla ya mgomo wenyeji walikuwa wakijaza mkate chaza wa kukaanga. Mikate hiyo iliitwa mpatanishi, na masimulizi ya mji husema kwamba mume aliyekesha kwenye starehe aliibeba nyumbani alfajiri ili kumtuliza mkewe. Kilichotokea mwaka 1929 kiliukuta mji unaojua tayari kula mlo mzima ndani ya mkate.

Bennie na Clovis Martin walikuwa ndugu kutoka Raceland, mji mdogo wa Louisiana. Walipofika New Orleans walifanya kazi ya ukonda wa tramu na kujiunga na chama cha wafanyakazi wa tramu, tawi namba 194. Mwaka 1922 waliacha ukonda wakafungua mgahawa mdogo wa kahawa na chakula katika soko kongwe la mji, lijulikanalo kama Soko la Kifaransa. Wenzao waliobaki kwenye tramu waliendelea kuwa marafiki na wateja wao.

Mgomo ulianza tarehe 1 Julai 1929, baada ya mazungumzo ya mkataba kati ya chama na kampuni ya New Orleans Public Service kuvunjika. Zaidi ya watu 1,000 waliacha kazi. Hoja haikuwa mshahara peke yake, bali kama chama chao kingeendelea kuwepo. Kampuni ilileta watu kutoka nje ya mji ili waendeshe tramu. Siku chache baadaye, tramu ya kwanza kuendeshwa na wavunja mgomo ilichomwa moto katika barabara ya Canal, huku maelfu ya watu wakishangilia. Wakazi wengi walisusia usafiri huo wakatembea kwa miguu, au wakapanda magari ya watu binafsi yaliyobeba abiria kwa senti chache.

Wiki zilivyosonga, njaa iliingia majumbani. Ndugu Martin hawakukaa kimya. Katika barua ya tarehe 6 Agosti 1929, iliyochapishwa magazetini, waliwaambia wanachama wa tawi 194 kwamba chakula mgahawani kwao ni bure. Waliapa kusimama nao hata jehanamu igande kwa barafu, na siku hiyo ikifika wangewaletea na mablanketi ya kujifunika. Ahadi hiyo inastahili kukumbukwa, kwa sababu walioitoa walikuwa wafanyabiashara wadogo waliotegemea mauzo ya kila siku. Bennie alisimulia baadaye kwamba kila mgomaji alipoonekana mlangoni, mmoja wao alitangaza jikoni kuwa kijana maskini mwingine anaingia. Kwa matamshi ya mtaani hiyo ndiyo po-boy, na jina likahama kutoka kwa mlaji hadi kwenye mkate wake.

Kulisha mamia ya watu kulileta tatizo ambalo lingeweza kuonekana dogo. Mkate wa Kifaransa wa kawaida ulikuwa umechongoka ncha zote mbili, kwa hiyo kila uliokatwa uliacha vipande visivyofaa kwa sandwichi. Ndugu Martin walimwendea mwokaji John Gendusa, mhamiaji wa Kiitalia. Gendusa akawaokea mkate wenye unene uleule kutoka mwanzo hadi mwisho, mrefu karibu mita moja, uliogawanyika vipande sawa bila hasara. Umbo hilo ndilo linalookwa hadi leo, na mjukuu wa fikra hiyo ni kila po-boy inayouzwa mjini. Gendusa anastahili sifa sawa na ndugu Martin, ingawa hutajwa kwa nadra.

Wafanyakazi hawakushinda mgomo ule. Sandwichi ilidumu, kwa kuwa Mdororo Mkuu wa uchumi ulikuwa umebisha hodi na mamilioni ya Wamarekani wakapoteza ajira. Mlo mkubwa kwa senti chache ulikuwa neema. Miongoni mwa vijazo vya bei ya chini kimojawapo kilikuwa viazi vya kukaanga vilivyomwagiwa mchuzi wa nyama, na vingali vinaagizwa mpaka sasa. Mwaka 1931 ndugu Martin walihamia jengo kubwa zaidi kwenye barabara ya St. Claude, wakahudumia wateja usiku na mchana.

Mwagizaji wa po-boy huulizwa kama anaitaka imevalishwa. Maana yake ni kuongezwa majani ya saladi, nyanya, achari ya matango na mayonezi. Kamba na chaza huviringishwa katika unga wa mahindi au wa ngano uliotiwa chumvi na pilipili, kisha hukaangwa katika mafuta mengi wakati mteja akisubiri. Nyama ya ng'ombe ni kazi ya saa nyingi: hupikwa kwa moto mdogo hadi inyambuke, na mabaki yaliyokwama kwenye mchuzi huthaminiwa kuliko minofu. Mgahawa wa Mother's, uliofunguliwa mwaka 1938, umejijengea jina kwa mabaki hayo.

Historia hii ina upande mwingine usiopaswa kufichwa. Wagomaji wa 1929 walikuwa wazungu, kwa sababu ukonda na udereva wa tramu haukuwa wazi kwa watu weusi, na viti vya tramu viliendelea kutenganishwa kwa rangi hadi mwaka 1958. Watu weusi walijenga meza zao wenyewe. Mwaka 1941, katika mtaa wa Treme, familia ya Chase ilifungua duka dogo la kona lililouza sandwichi na tiketi za bahati nasibu. Duka hilo ndilo lililokua kuwa Dooky Chase, mgahawa uliopata umaarufu chini ya mpishi Leah Chase. Katika miaka ya 1960 wapigania haki za kiraia, weusi kwa weupe, walikutana humo na kupanga mikakati wakati sheria ilikataza kula pamoja.

Kimbunga Katrina cha mwaka 2005 kilizamisha sehemu kubwa ya New Orleans. Parkway, mgahawa ulioanza kama tanuri la mikate mwaka 1911, ulijaa maji kisha ukafunguliwa tena kabla mwaka haujaisha. Wakati huohuo migahawa ya kampuni kubwa za kitaifa ilikuwa ikienea na kuyanyang'anya maduka ya kona wateja wake. Mwaka 2007 lilianzishwa katika mtaa wa Oak tamasha la po-boy, ambapo wapishi hushindania tuzo za sandwichi bora.

Waokaji wapya nao wamejitokeza. Wakimbizi wa Vietnam waliofika Louisiana kuanzia mwaka 1975 walikuja na mkate wao mwepesi, urithi wa ukoloni uleule wa Kifaransa. Dong Phuong, tanuri lililofunguliwa mashariki mwa New Orleans mwaka 1982, lilipewa tuzo ya James Beard mwaka 2018. Wenyeji huiita sandwichi yake ya nyama, karoti za siki na giligilani po-boy ya Kivietnam, na mikate ya tanuri hilo sasa inanunuliwa pia na migahawa inayouza po-boy za kamba na chaza.