Motokaa Inapochemka: Maji Yamekwenda Wapi?



Mtu aliyewahi kungoja feri ya Likoni mchana wa mwezi wa Februari, upepo umetulia na magari yamepangwa pua kwa mkia, ameliona jambo hili zaidi ya mara moja. Motokaa kuukuu imewekwa kando ya njia, boneti imefunguliwa, mvuke unapanda, na dereva anakwenda huku na huku na kopo mkononi akiomba maji. Baada ya kitambo anamimina, anawasha injini, anakwenda zake. Juma la pili yuko pale pale na kopo lile lile.

Kosa la dereva huyo si kumimina maji. Kosa lake ni kuridhika. Injini hainywi maji kama inywavyo petroli. Maji huzunguka katika njia iliyofungwa, yakisukumwa na pampu kutoka ndani ya injini mpaka kwenye rejeta, yapoe, kisha yarudi. Basi yakipungua, yametoka; na yakiwa yametoka, pana mahali yalipopitia. Mwenye gari asiyepajua mahali hapo hajatengeneza kitu, hata akimimina debe zima.

Kabla ya kueleza namna ya kupatafuta, lipo onyo moja ambalo yafaa litangulie. Kifuniko cha rejeta kina springi, na kazi yake ni kuyabana maji yasichemke upesi. Hapa pwani maji yaliyo wazi huchemka yafikapo digrii 100 za Selsiasi. Yakibanwa na kifuniko kizima, na kutiwa dawa yake, yaweza kupita hata digrii 120 yakiwa bado yametulia. Mtu akikifungua kifuniko wakati huo, maji hugeuka mvuke mara moja na kumrukia usoni na kifuani. Injini na izimwe, na dereva angoje nusu saa au zaidi. Ataushika mpira wa maji wa juu kwa kitambaa; ukiwa bado mgumu, angoje tena. Hatimaye atafunika kifuniko kwa kitambaa kinene, ageuze uso kando, akizungushe kidogo tu mpaka kituo cha kwanza, mvuke utoke wote. Maji baridi nayo yasimiminwe kwa pupa juu ya chuma cha moto, maana kichwa cha injini huweza kupasuka au kupinda, na gharama yake huweza kuwa kubwa kuliko thamani ya gari lenyewe. Yamiminwe polepole, injini ikiwa imepoa na kuwashwa tena.

Sasa tundu litafutwe. Njia iliyo rahisi ni kulaza kipande cha boksi chini ya injini usiku. Asubuhi alama ya maji itaonyesha upande wa kutazama. Ikiwa mbele kabisa, ni rejeta au mpira wake wa chini. Ikiwa karibu na mkanda wa feni, ni pampu ya maji: chini ya pampu pana kitundu kidogo kilichowekwa makusudi, na kikianza kudondosha maji, mpira wa ndani umekwisha. Pasizibwe, pampu ibadilishwe. Ubavuni mwa injini mna vizibo vya chuma vya mviringo, navyo huliwa na kutu kutoka ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Lakini boksi likiwa kavu, mtu asiseme hapavuji. Matundu mengine hufunguka maji yakiwa ya moto na yamebanwa, na tone likidondokea chuma cha moto hukauka lisianguke chini. Hapo atafute michirizi: nyeupe kama chumvi, au nyekundu kama kutu, au yenye rangi ya dawa. Fundi mwenye pampu ndogo ya kupimia anaweza kuibana hewa ndani ya rejeta injini ikiwa baridi, na tundu likajionyesha lenyewe.

Mara nyingine hakuna tundu lolote, nayo motokaa inachemka. Hapa mshale wa joto husema mengi kwa mwenye kuutazama, na barabara za Kwale ni shule nzuri ya kuusoma. Mshale ukipanda gari liwapo kwenye foleni ya feri, kisha ukashuka gari likishika mwendo kupita Waa na Tiwi, tatizo ni la upepo. Gari likienda, upepo wa njiani hupoza rejeta. Likisimama, feni peke yake ndiyo yenye kazi. Basi mkanda wa feni utazamwe kama umelegea, na feni yenyewe kama inazunguka. Katika Peugeot 504, zilizojulikana sana Kenya, feni hukamatwa kwa sumaku ya umeme injini ikipata moto; sumaku hiyo ikikosa umeme, feni huzunguka kivivu na dereva hana habari. Tena mabati membamba ya rejeta hapa pwani huliwa na hewa ya chumvi mpaka yakimenyeka kwa kidole, na rejeta ya namna hiyo haipozi ingawa haivuji hata tone.

Lakini mshale ukitulia kwenye foleni, kisha ukapanda gari linapoiacha Kombani na kuupanda mlima wa Shimba kwenda Kwale, mjini kulikoinuka mita kama 400 juu ya bahari, basi upepo upo, ila maji hayapiti ya kutosha. Yaelekea njia za rejeta zimeziba kwa kutu na chokaa, au mpira wa chini unanywea na kujifunga, au thamostati haifunguki. Thamostati hupimwa jikoni: ining'inizwe kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, maji yapashwe moto. Zilizo nyingi huanza kufunguka kati ya digrii 80 na 90. Maji yakitokota nayo imefunga, imekufa. Wapo mafundi ambao dawa yao ni kuing'oa na kuitupa. Hiyo si dawa. Injini isiyo na thamostati hukawia kupata joto lake, hula petroli bure, na katika injini nyingine maji hupata njia ya mkato na kurudi bila kupita kwenye rejeta.

Jambo la kuogopwa zaidi ni mshale ulio juu kuanguka ghafula mpaka kwenye baridi. Wengi hufurahi. Kumbe huenda maji yamekwisha, na kipimo kimebaki hewani hakina cha kupima. Injini izimwe papo hapo.

Yapo maji yapoteayo kwa ndani. Hapo gasketi ya kichwa cha injini imeungua, au kichwa chenyewe kimepata ufa. Asubuhi injini hukohoa, kana kwamba silinda moja haifanyi kazi. Moshi mweupe hutoka na hauishi hata injini ikipata moto. Kijiti cha oili na kifuniko cha oili huonyesha uji mzito, rangi ya kahawa iliyotiwa tui. Plagi zikitolewa, moja ni safi kupita wenzake, kwa kuwa imeoshwa na mvuke. Rejeta ikiwa baridi na wazi, injini ikiwashwa, mapovu hupanda bila kukoma. Dalili mbili katika hizo zikipatikana pamoja, motokaa isiendeshwe tena, wala si hadi mji wa jirani. Oili iliyochanganyika na maji huzila beringi za injini, na mwenye gari la kuchukua samaki wa Msambweni au abiria wa Lunga Lunga huenda kulala akiwa na kazi na kuamka akiwa hana.

Tena, ni maji gani? Visima vingi vya Diani na Msambweni vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, na maji yake yana chokaa. Vilivyo karibu na bahari vina na chumvi. Sufuria inayochemshiwa maji hayo huota ukoko mweupe, na ukoko uo huo huota ndani ya rejeta. Maji ya mvua yaliyokingwa katika chombo safi ni bora, au yale yauzwayo kwa betri. Maji ya bahari yasitiwe kamwe. Na dafu ni la dereva, si la rejeta.

Wengine husema dawa ya rejeta ni ya nchi za theluji. Husahau kwamba dawa hiyo, ikichanganywa nusu kwa nusu na maji, huzuia kutu na kuongeza joto la kuchemkia, nayo mambo hayo mawili ndiyo yanayotakiwa pwani. Nguvu yake ya kuzuia kutu huisha. Kwa dawa za kawaida, miaka miwili yatosha.

Dereva akipatwa njiani, mbali na fundi wa Ukunda, na mshale unapanda taratibu maji yakiwamo, azime kipozaji cha hewa kama lipo gari lenye nacho, afungue madirisha, na awashe hita mpaka mwisho. Abiria watanung'unika, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili. Tundu likiwa dogo, na safari iliyobaki ni fupi, kifuniko kilegezwe injini ikiwa baridi, ili maji yasibanwe na kusukumwa nje kwa nguvu, kisha aende polepole akisimama mara kwa mara kutazama.

Na maji ya zamani yakimwagwa, yasiachwe katika beseni uani. Dawa ile mara nyingi ni ya sumu, nayo ni tamu ulimini. Mbwa huinywa, na mtoto vilevile. Itiwe katika chupa yenye kizibo, iandikwe jina lake, na iwekwe mahali mtoto hapafikii.