Msaada kwa Mwanachama Aliyefadhaika Akili



Tangu zamani chama chetu chajulikana kwa jambo moja: mwenzetu akifa mjini, twachanga fedha hata mwili wake ufike kwao. Leo twataka kunena juu ya mwenzetu aliye hai, ila hapati usingizi, hali chakula, na amekwisha kusema kwamba afadhali afe.

Maneno hayo wengi huyachukua kuwa mzaha wa mlevi. Sivyo. Mtu asemaye hivyo asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Na kamba, panga na dawa ya mifugo ziondolewe karibu naye. Tena aulizwe waziwazi kama ana nia ya kujiua. Swali hilo halimpi wazo jipya. Mara nyingi humpunguzia mzigo.

Wapo waogopao polisi. Kweli, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilitamka kwamba kifungu hicho chapingana na Katiba. Wengine huona haya kwa jina la Mathari, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1910. Nasi hatujaona haya ikimponya mtu. Namba 1199 ya Msalaba Mwekundu nayo haitozi senti.

Basi twaiomba Halmashauri iruhusu nauli ya mgonjwa, na ya mtu mmoja wa kumsindikiza, itoke katika fedha za mazishi pasipo kungoja mkutano wa mwezi.