Mum: Neno la Kilema na Hadhi ya Mtu



Katika kuzitembelea jumuiya ndogo ndogo za Mbeya na Iringa, tumekutana na wazazi wanaomficha mtoto ndani ya nyumba, wakiamini kwamba kilema chake ni laana. Wengine hutaja hata Biblia: kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 21, hakimruhusu kuhani mwenye kilema kukaribia altare. Basi tulitazame neno lenyewe, kwa maana neno likieleweka vibaya huumiza watu.

Neno hilo kwa Kiebrania ni "mum". Kwanza, halina maana sawa na ulemavu kama tunavyousema leo. Orodha ya aya ya 18 hadi 20 inataja upofu na uchechemeaji, lakini pia mkono uliovunjika na upele. Uziwi haumo kabisa. Mum ni dosari ya mwili, na sura ya 22 inalitumia neno hilo hilo kwa wanyama wa sadaka. Hiyo ilikuwa kanuni ya ibada ya wakati ule, wala si hukumu juu ya thamani ya mtu.

Pili, kuhani mwenye mum hakuacha kuwa kuhani. Aya ya 22 yampa haki ya kula chakula cha Mungu wake, hata kile kilicho kitakatifu sana. Anayeitumia sura hii kumtenga mwenzake na meza ya Bwana ameisoma nusu.

Tatu, katika sura ya 24, aya ya 19 na 20, mum ni jeraha ambalo mtu humtia jirani yake, na aliyelitia anadaiwa. Hapo swali si "nani amelaaniwa?" bali "nani amedhulumu?" Mefiboshethi alilemaa miguu akiwa na miaka 5, alipoanguka mikononi mwa yaya aliyekimbia naye kwa hofu ya vita. Daudi alimketisha mezani pake siku zote.

Kuna na jambo la lugha. Kiebrania husema mum imo ndani ya mtu. Haiwi kamwe jina la mtu mwenyewe. Kiswahili chetu kimechanganya: kilema ni dosari, na kilema ni mwenye dosari. Tumemvika binadamu ngeli ya kiti na kisu. Hata hivyo hatusemi "vilema vimekuja"; twasema "vilema wamekuja". Sarufi yenyewe inamrudisha katika ngeli ya watu. Ndiyo maana Sheria ya nchi ya mwaka 2010 yasema "watu wenye ulemavu": mtu hutangulia.

Tusiwalaumu Walawi peke yao. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, kanuni ya 984, ilihesabu kati ya vizuizi vya upadre kasoro za mwili zilizomzuia mtu kuhudumu altareni kwa usalama au kwa heshima. Sheria ya mwaka 1983 haikukirudia kizuizi hicho. Kama Kanisa limeweza kujirekebisha, parokia nayo yaweza.

Mfano uko karibu. Mjini Iringa, mwaka 2003, ndugu zetu Waanglikana wa Dayosisi ya Ruaha walianzisha Neema Crafts na vijana watatu viziwi, wakatengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Kazi ikakua, wengi wenye ulemavu wakapata ujuzi na ujira. Hawakupewa sadaka, walipewa kazi.

Basi tunaomba kila parokia ifanye mambo matatu. Moja, ihesabu ngazi za mlango wa kanisa na kujiuliza nani anabaki nje. Mbili, imtafute mkalimani wa lugha ya alama, au impeleke mmoja wetu akajifunze. Tatu, viongozi wa jumuiya waende kwenye nyumba zenye watoto waliofichwa, si kwa kukemea, bali kwa kumwandikisha mtoto shule na katekesi.

Wazee walisema: hujafa hujaumbika. Siku moja mlango huo utakuwa na ngazi nyingi mno kwetu pia. Mungu atujalie kuufungua mapema.