Mbwa nyumbani na watoto wetu

Mazungumzo na wamama wa kliniki

Leo hatutasema juu ya uji wala kupima kilo. Tutasema juu ya mbwa. Najua wamoja watacheka. Lakini hapa Uvira, tangu Kavimvira mpaka Kalundu, watu wanafuga mbwa wa kulinda usiku, na watoto wanacheza karibu naye muchana kutwa.

Wengi wanafikiri mbwa muzuri ni yule mukali. Wanamufunga kamba fupi, wanamupiga, wengine hata wanamupa pilipili. Basi, mbwa huyo halindi kitu, anaogopa tu. Na mbwa mwenye kuogopa anauma mutu yeyote, hata mutoto wa nyumba anayepita na sahani ya bugali.

Mbwa anataka mukubwa mutulivu. Anza naye angali mudogo. Chagueni maneno machache, «kaa», «kuja», «acha», na watu wote wa nyumba watumie yale yale kwa sauti ya chini. Akitii, mupe ndagala palepale. Akikosa, mugeuzie mugongo. Fimbo inamufundisha kuogopa mukono wako, haimufundishi neno. Ni kazi ya majuma mengi, na baba akirudi jioni akamupiga teke, mumerudi nyuma.

Watoto nao wafundishwe: wasimuguse akila, akilala, ao akinyonyesha. Mbwa mugeni akiwakaribia, wasikimbie. Wasimame kimya kama muti, mikono chini.

Sasa neno kubwa: raje, ndiyo kichaa cha mbwa. Tabia nzuri haimukingi mbwa na raje. Chanjo ndiyo inamukinga. Apate ya kwanza akiwa na miezi 3, kisha arudilie kila mwaka. Muulize muganga wa nyama. Mbwa mupole akigeuka mukali gafula, ao mate yakimutiririka na sauti ikibadilika, ondoeni watoto wote karibu naye.

Dalili za raje zikisha kuonekana kwa mutu, karibu kila mara anakufa. Lakini kati ya kuumwa na dalili, mara nyingi kunapita majuma ao miezi, na wakati ule tunaweza kumuokoa. Kule Ufaransa, tarehe 6 Julai 1885, Louis Pasteur alianza kumupa chanjo mutoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa. Mutoto yule aliishi.

Mimi nilimuona mwingine, aliyeletwa akiogopa maji. Aliumwa kidogo tu mukononi, akaficha, kwa sababu alikatazwa kucheza na mbwa wa jirani na alijua fimbo inamungoja. Hatukuweza kumuokoa. Mama yake aliniuliza mara nyingi: mbona hakuniambia?

Kwa hiyo mutoto akija na alama ya meno, musianze na makofi. Muambie amefanya vizuri kusema. Osha kidonda na sabuni na maji mengi ya kutiririka, dakika 15 nzima. Musitie majani, wala majivu, wala mafuta ya motokari. Kisha kuja hospitali siku ile ile, hata kama ni mukwaruzo tu. Shindano moja halitoshi. Tutaandika siku za kurudi kwenye fishi yake, na musikose hata moja. Mbwa mwenyewe, akijulikana na akiwa angali muzima, afungwe na kuangaliwa siku 10. Lakini musingojee siku hizo ziishe ndipo mulete mutoto.